Umeme Kutokana na Samadi na Mabaki ya Shamba: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Jenereta kwa Biogesi

Wafugaji wengi waliozoea kupikia biogesi hujaribu hatua inayofuata, yaani kuendesha jenereta, na wengi hukwama mahali palepale. Jenereta huwaka vizuri siku ya kwanza, hufanya kazi kwa muda mfupi, kisha hupoteza nguvu au hugoma kabisa, na lawama zote huelekezwa kwenye mtambo. Mara nyingi mtambo hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye hesabu ambayo haikufanywa kabla ya kununua jenereta, au kwenye gesi iliyoingizwa katika injini ikiwa bado chafu.

Mwongozo huu unamlenga mfugaji mwenye ng'ombe wa maziwa kati ya 8 na 30 wanaolishwa bandani, ambaye pia ana mabaki ya mazao yanayooza bure. Mwenye ng'ombe wawili au watatu ninamshauri apikie gesi yake yote. Jiko la biogesi hutumia zaidi ya nusu ya joto lililomo katika gesi, ilhali jenereta ndogo hugeuza chini ya robo yake kuwa umeme. Aidha, anayetafuta taa na kuchaji simu tu atapata nafuu zaidi kwa kununua paneli ya sola. Umeme wa biogesi una maana pale penye mota: mashine ya kukamulia, pampu ya maji, mashine ya kukatakata majani.

## Vitu vinavyohitajika

Kusanya vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu kazi ya gesi haifai kuachwa nusu.

- Mizani ya kupimia kinyesi na ndoo yenye ujazo unaojulikana.
- Mtambo wa biogesi usiovuja, wenye ukubwa unaolingana na hesabu ya Hatua ya 1 na ya 2.
- Bomba la gesi la inchi 1 pamoja na koki za kufunga na kufungua.
- Vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi 4, kila kimoja na urefu wa mita 1, na vifuniko vyake, kwa ajili ya machujio.
- Chenga za chuma cha kawaida kutoka karakana yenye mashine ya kukereza, kilo 10 hivi.
- Mfuko wa kuhifadhia gesi wa mita za ujazo 3 hadi 5.
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa kutengenezea kipimo cha mgandamizo.
- Jenereta ya petroli, au injini ya dizeli ambayo tayari unayo.
- Swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme, ikiwa nyumba imeunganishwa na gridi.
- Karatasi za kupimia asidi, sabuni ya maji na kizima moto.

## Hatua ya 1: Pima kinyesi, usikadirie

Kwa siku saba mfululizo, pima kinyesi kinachokusanywa kweli kutoka bandani. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa vizuri ndani hutoa takribani kilo 15 hadi 25 kwa siku. Ng'ombe anayechungwa mchana huacha sehemu kubwa malishoni, hivyo usiku mmoja unaweza kukuachia kilo 5 hadi 8 tu. Anayehesabu vichwa vya ng'ombe badala ya kilo hujenga mtambo mkubwa utakaokaa na njaa.

Kinyesi kiwe kibichi. Kilichokaa juani kimeshapoteza sehemu ya gesi yake, na kilichojaa mchanga kitajaza chini ya mtambo kitu kisichooza. Kinyesi cha ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki, pamoja na maji yenye dawa ya josho au sabuni, visiingie kabisa, kwa maana gesi hutengenezwa na bakteria, na dawa hizo hazichagui bakteria wa kuua.

Hatua hii imekamilika pale unapokuwa na wastani wa siku saba ulioandikwa kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Geuza kilo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme

Kilo 25 hadi 30 za kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takribani mita 1 ya ujazo ya biogesi. Mita hiyo moja ina nishati ya kama kilowati-saa 6, lakini jenereta ndogo itakupa umeme wa kilowati-saa 1 hivi, na nyingine itapotea kama joto na kelele. Katika mipango yako hesabu kilowati-saa moja kwa kila mita ya ujazo, hata kama muuzaji anakuahidi mbili.

Chukua mfano wa banda la ng'ombe 12 wanaotoa kilo 20 kila mmoja. Hizo ni kilo 240, sawa na mita za ujazo 8.5 za gesi kwa siku. Familia ya watu sita itapikia kama mita 2.5, na zitabaki mita 6. Kwa hiyo una umeme wa kilowati-saa 6 hivi kwa siku.

Umeme huo unatosha nini? Mota ya kilowati 1.5 ya kukatakata majani huvuta kama kilowati 1.9, na saa moja ya kazi itatumia mita 2 za gesi. Pampu ya maji na mashine ya kukamulia, kila moja ikivuta kilowati 1, zikiendeshwa kwa saa tofauti zinaweza kutumia mita 1.5 kila moja, kwa sababu jenereta yenye mzigo mdogo hula gesi nyingi kuliko kazi inayofanya. Ukiziwasha pamoja wakati wa kukamua asubuhi, zote mbili zitatumia kama mita 2.2. Ongeza ukamuaji wa jioni, mita 1.5, na jumla ya siku ni mita 5.7. Hesabu imetosha, lakini kwa nafasi ndogo sana. Mtu akiwasha pampu mchana peke yake, jioni atakamua kwa mkono.

Panga ratiba ya mashine kwenye karatasi sasa, kabla ya kutoa shilingi yoyote. Ikiwa mahitaji yanazidi gesi uliyo nayo, punguza mashine au ongeza malighafi kwa kufuata Hatua ya 4. Kununua jenereta kubwa zaidi hakuongezi gesi, huimaliza mapema.

## Hatua ya 3: Hakikisha mtambo unalingana na hesabu

Kinyesi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo. Kilo 240 na lita 240 za maji ni lita 480 kwa siku. Katika maeneo ya joto kama Tanga au Moshi, tope hilo linahitaji kukaa ndani takribani siku 50, hivyo sehemu ya tope pekee inahitaji mita za ujazo 24. Kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, ongeza siku hizo hadi 70 au zaidi, kwa kuwa bakteria hawa hupenda nyuzi 30 hadi 37, na chini ya nyuzi 15 karibu wanasimama kazi.

Mtambo wa kuba lililojengwa chini ya ardhi, wa aina iliyoenezwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, hudumu miaka mingi na hulindwa na joto la udongo. Mtambo wa mfuko wa plastiki hugharimu kidogo na hujengwa haraka, lakini jua, panya na pembe za mbuzi ni maadui wake. Kwa umeme ninapendelea kuba, ila kuba lina tabia moja inayowasumbua wenye jenereta: mgandamizo wake hupanda gesi inapojaa na kushuka inapotumika. Dawa yake iko katika Hatua ya 6.

Kwa mtambo mpya, ujaze kwa tope la samadi, na ukiweza ongeza angalau sehemu moja ya kumi ya tope kutoka mtambo unaofanya kazi, ili uingize bakteria waliokwisha kukomaa. Kisha subiri wiki mbili hadi nne bila kulisha. Gesi ya mwanzo ni kabonidayoksaidi kwa wingi na haiwaki. Iachie nje, mbali na moto, na usihangaike nayo.

Onyo. Kamwe mtu asiingie ndani ya mtambo uliowahi kuwa na samadi, hata kama umefunguliwa tangu jana. Hewa ya ndani haina oksijeni ya kutosha na ina hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi hufisha uwezo wa pua kunusa, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Anayemfuata mwenzake aliyeanguka humo huanguka naye.

Mtambo uko tayari pale jiko linapotoa mwali wa buluu uliotulia kwa siku kadhaa mfululizo. Mwali unaorukaruka na kuachana na jiko unaonyesha kwamba methani, yaani sehemu ya biogesi inayowaka, bado ni kidogo.

## Hatua ya 4: Ongeza mabaki ya mazao kwa kipimo

Hapa ndipo penye uwezo mkubwa, na ndipo wengi huharibu mtambo mzuri. Uwezo wenyewe si wa kubuni. Katika mkonge, nyuzi zinazouzwa ni sehemu ndogo mno ya jani, na mabaki yake yamewahi kuzalisha umeme Hale mkoani Tanga na pia Kilifi nchini Kenya. Kule Naivasha, mabaki ya mboga na maua ya Gorge Farm yalijengewa mtambo wa zaidi ya megawati 2. Mitambo hiyo, hata hivyo, ina mashine za kusaga na kukoroga. Kuba la mfugaji halina, kwa hiyo kanuni zake ni tofauti.

Kinachofaa ni kitu laini chenye maji na wanga: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, matunda yaliyooza, maganda ya mihogo, na maganda mabichi ya kahawa kutoka mashine ya kumenyea. Vyote vikatwe vipande vya sentimita 1 hadi 2 na kulowekwa siku moja au mbili kabla ya kuingizwa. Mabua ya mahindi, pumba za mpunga na vumbi la mbao visiingie. Vina ugumu kama wa mbao ambao bakteria hawa hawauwezi, huelea juu, na baada ya miezi michache hufanya utando mgumu unaozuia gesi kupanda.

Anza na sehemu moja ya mabaki kwa sehemu tisa za kinyesi, kwa uzito. Kaa na kipimo hicho wiki mbili, kisha panda taratibu hadi sehemu mbili kwa nane. Sababu ya kutokimbilia ni kwamba vyakula laini hugeuka asidi haraka, na bakteria watoa methani huzaliana polepole kuliko wale watoa asidi. Samadi ya kuku nayo hutoa gesi nyingi, lakini ina nitrojeni nyingi inayogeuka amonia. Isizidi sehemu moja ya kumi.

Pima asidi ya tope linalotoka kila wiki. Kipimo kizuri (pH, namba ambayo hushuka asidi inapozidi) ni kati ya 6.8 na 7.5. Kikishuka chini ya 6.5, acha kulisha mara moja, subiri, na urudi na kinyesi cha ng'ombe peke yake. Chokaa kidogo iliyokorogwa katika maji husaidia, lakini kuimwaga kwa ndoo ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mafanikio huonekana kwa gesi inayoongezeka huku mwali ukibaki wa buluu. Gesi ikiwa nyingi lakini mwali ukawa dhaifu, umelisha kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Safisha gesi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua injini. Gesi ya jikoni inaweza kuwa chafu kidogo na jiko likavumilia. Ndani ya injini, hidrojeni salfaidi ikiungua pamoja na unyevu hutoa asidi inayokula beringi za shaba, valvu na kuta za silinda, na kuigeuza oili kuwa tope jeusi.

Kabonidayoksaidi unaweza kuiacha. Hupunguza nguvu lakini haiharibu kitu, na kuiondoa ni gharama isiyo na maana kwa jenereta ndogo. Vinavyopaswa kutoka ni viwili: salfaidi na maji.

Kwa salfaidi, tumia kutu. Mwagia chenga za chuma maji, zigeuze kila siku, na uziache nje hadi ziwe nyekundu zote. Changanya na majivu kidogo ili zisiwe na asidi, kisha zipakie katika yale mabomba mawili ya inchi 4 bila kuzishindilia. Gesi iingie chini na kutokea juu, ipite chujio la kwanza na kisha la pili. Angalizo kwa wanaonunua stilwaya za kusugulia sufuria: nyingi hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na kwa sababu hiyohiyo hazifai kabisa kwa kazi hii.

Kutu hii hufanya kazi vizuri ikiwa na unyevunyevu, kwa hiyo usikaushe gesi kabla ya machujio. Mtego wa maji uwe baada yake: kiungo chenye umbo la T mahali palipo chini kuliko pote kwenye bomba, na mguu wake umezamishwa ndani ya chupa ya maji yenye kina kikubwa kuliko mgandamizo wa gesi yako ukipimwa kwa sentimita za maji. Bomba lote lielekee kwenye mtego kwa mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Bomba lililobonyea katikati hujaa maji, na jenereta itaanza kukatakata bila sababu inayoonekana.

Utajuaje kwamba chujio limechoka? Sugua kipande cha waya wa shaba hadi king'ae, kisha kiweke ndani ya bomba baada ya machujio. Kikigeuka cheusi upesi, salfaidi inapita. Toa chujio la kwanza, sogeza la pili mahali pake, na uweke jipya nyuma.

Onyo. Chenga zilizochoka huwa nyeusi, na zikikutana na hewa hurudi kuwa kutu huku zikitoa joto kali. Zikiwa kavu zinaweza kujiwasha. Zimwagie maji kabla ya kuzitoa, na uzitandaze juu ya udongo mtupu, mbali na nyasi na banda. Zikishakuwa nyekundu tena unaweza kuzitumia kwa mara nyingine, ingawa kila mzunguko hupunguza uwezo wake.

## Hatua ya 6: Hifadhi gesi kwa mgandamizo mmoja

Injini inataka gesi isiyobadilika. Pitisha gesi kutoka kubani, kupitia machujio, hadi kwenye mfuko uliotundikwa au kulazwa chini ya paa lenye uwazi pande zote. Weka juu yake ubao mwepesi ili kuusukuma sawasawa. Kipimo cha mgandamizo ni ule mpira mwembamba uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji ya rangi. Tofauti ya sentimita 2 hadi 5 kati ya pande mbili inatosha.

Mfuko uwe umbali wa mita 10 au zaidi kutoka kwa jenereta na jiko. Paka maungio yote maji ya sabuni. Povu likivimba, pana uvujaji. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, kwa sababu methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka.

## Hatua ya 7: Andaa injini

Kwa jenereta ya petroli, funga kiungo cha T kati ya chujio la hewa na kabureta, na koki kwenye mguu wa gesi. Kiungo kikae kabla ya kabureta, kwa kuwa hapo gavana ya jenereta, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, itaendelea kuongoza mchanganyiko mzima kadiri mzigo unavyobadilika.

Jihadhari na vifaa vya kubadilishia jenereta vilivyotengenezwa kwa gesi ya mitungi. Gesi ya mitungi inahitaji hewa takribani mara 24 ya ujazo wake, ilhali biogesi inahitaji mara 6 tu. Maana yake ni kwamba injini hiyohiyo inahitaji ujazo wa biogesi mara nne, na tundu la kifaa cha mitungi halipitishi kiasi hicho. Fundi asiyejua jambo hili atabadilisha plagi, kisha kabureta, kisha jenereta.

Usitarajie nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha jenereta. Kwa biogesi, hesabu asilimia 60 hadi 70 yake. Mota nazo huvuta umeme mara tano au sita ya kawaida wakati wa kuanza, hivyo kwa banda la mfano wetu ningechagua jenereta ya kVA 5, na ningeanza na mota kubwa kabla ya zile ndogo.

Utaratibu wa kuwasha ni huu: washa kwa petroli, acha injini ipate moto kwa dakika tano, funga petroli, na kabureta inapokaribia kukauka fungua gesi polepole huku ukisikiliza. Injini ikitetemeka na kutafutatafuta, rekebisha koki taratibu. Marekebisho ya mwisho yafanyike ikiwa na mzigo.

Injini ya dizeli, kama ile ya mashine ya kusaga, haiwezi kuwashwa na biogesi peke yake kwa sababu haina plagi ya cheche. Gesi huingizwa kwenye njia ya hewa, gavana hupunguza dizeli yenyewe, na dizeli kidogo inayobaki ndiyo inayowasha mchanganyiko. Zaidi ya nusu ya dizeli huokolewa. Ukisikia injini inagongagonga, punguza gesi.

Onyo. Jenereta ikizimika yenyewe huku koki ikiwa wazi, gesi itaendelea kutoka kupitia chujio la hewa na kujaza chumba. Kwa hiyo jenereta ikae kwenye banda lisilo na kuta, na koki ya gesi ifungwe kabla ya kuulizana nini kimeizima.

## Hatua ya 8: Unganisha umeme

Pima kabla ya kuunganisha mashine yoyote: volti zikaribie 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na zisiyumbe sana mzigo unapoingia. Ikiwa nyumba ina umeme wa TANESCO au Kenya Power, ni lazima kuwe na swichi ya kubadilisha chanzo iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Bila hiyo, umeme wako utapanda kwenye nyaya za barabarani na kumkuta fundi anayeamini kwamba zimezimwa. Anayetaka kuwauzia majirani aanzie kwenye mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania, au EPRA kwa Kenya.

## Hatua ya 9: Tunza injini

Kabla ya kuzima kila siku, rudisha injini kwenye petroli kwa dakika chache. Mabaki ya gesi na unyevu yataungua, na injini haitalala usiku na asidi tumboni. Kwa jinsi hiyohiyo, vipindi viwili virefu kwa siku ni bora kuliko sita vifupi, kwani injini isiyopata moto vizuri hukusanya maji kwenye oili.

Badilisha oili kwa nusu ya saa zilizoelekezwa na mtengenezaji. Kama kitabu kinasema saa 100, wewe badilisha kwa 50. Ikigeuka nyeusi na kunuka asidi kabla ya hapo, rudi kwenye machujio ya Hatua ya 5 siku hiyohiyo. Plagi ichomolewe na kukaguliwa kila unapobadilisha oili.

Andika kila siku kilo zilizoingia, saa za jenereta na mashine zilizoendeshwa. Jenereta ikianza kupungua nguvu, soma daftari kwanza, kisha kipimo cha mgandamizo, kisha waya wa shaba, na mwisho ndipo ufungue injini.